Tafakari ya Juma: Gari Jipya la Parokia na Shokapu Zake



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu huu wa kila juma, wengi wenu mlioko mbali na nyumbani mmetuandikia mkiuliza habari za gari jipya la parokia. Mlichanga, na mnayo haki ya kujua. Gari limefika, limebarikiwa, na limekwisha kuanza kazi. Lakini zimefika pia barua tatu au nne zilizouliza, kwa ukali kidogo, jambo jingine: imekuwaje gari lenye umri wa mwezi mmoja likapelekwa gereji, likafunguliwa shokapu zake zote nne, na kufungwa nyingine za bei kubwa? Kumbe habari husafiri haraka kuliko pikapu. Basi juma hili tunaomba tuyaweke kando masomo ya Dominika, tuzungumze habari za shokapu. Anayedhani kwamba jambo hilo halina nafasi katika tafakari, tunamwomba avumilie kidogo.

Yatupasa kuanza na barabara, kwa kuwa gari husifiwa au kulaumiwa kadiri ya njia linayopita. Parokia yetu iko juu, katika nyanda za Ufipa, penye baridi, mahindi, maharage na ulezi. Nusu ya vigango vyetu iko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa, penye joto, mpunga na samaki. Kati ya huku na kule umesimama ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na tofauti ya kimo kutoka uwandani hadi ziwani ni karibu mita elfu moja. Njia ya kushukia ina mawe yaliyochongoka, na dereva mwenye akili huishuka kwa gia ya kwanza huku akisali. Ikifika chini, njia hunyooka na kuwa tambarare. Hapo ndipo mgeni hufurahi mapema, kwa sababu hajaziona rasta.

Rasta ni yale mawimbi madogo madogo ya udongo na mchanga yanayojipanga kukata barabara, moja baada ya jingine, kama mistari ya ubao wa kufulia. Mmoja wa wazee wetu huamini kwamba huletwa na malori ya mpunga. Mwingine hulaumu greda. Ukweli umechunguzwa kitaalamu: mwaka 2007 watafiti Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwa majaribio kwamba hata gurudumu moja tupu, lisilo na springi yoyote, likizungushwa juu ya mchanga mkavu huchora mawimbi hayo lenyewe, mradi mwendo uvuke kiwango fulani. Kiwango chenyewe ni kidogo mno, wala hakuna dereva atakayekubali kwenda polepole kiasi hicho kutwa nzima. Kwa hiyo tusitafute mchawi. Sisi sote tunaopita tunazichonga rasta, na anayekuja nyuma yetu anazipokea zikiwa zimekomaa zaidi.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mawimbi hayo, huko kwetu, hupishana kwa nusu mita hadi mita moja. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kwa kila sekunde. Maana yake kila gurudumu hupigwa kati ya mara 17 na mara 34 katika sekunde moja, yaani katika muda wa kutamka neno "Amina". Kutoka mguu wa mlima hadi kigango cha mwisho kuna zaidi ya kilometa 30 za namna hiyo.

Katika gari lolote, mapigo hayo hukutana na vitu viwili vilivyo tofauti, ingawa watu wengi huvichanganya. Kuna springi, na kuna shokapu. Fundi wetu, mtu wa maneno machache ambaye amekaa chini ya magari tangu ujana wake, alitufundisha kwa kutumia mkono wake mmoja kama springi na mwingine kama shokapu. "Baba Paroko," alisema, "springi ndiyo inayobeba mzigo. Shokapu haibebi kitu. Ukiweka gari juu ya shokapu peke yake, litakaa chini. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi." Springi ikibonyezwa na shimo, hurudi juu kwa nguvu ileile, kisha hushuka tena, kisha hupanda tena, na gari huendelea kucheza muda mrefu baada ya shimo kusahaulika. Shokapu ni mrija wenye oili, na ndani yake mna pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni husukumwa ndani ya oili, oili hulazimika kupenya kwenye matundu yale kwa shida, na ile nguvu ya pigo hugeuka kuwa joto. Hapo tulielewa kwa nini vyuma hivyo, baada ya safari ya bondeni, huwa havishikiki.

Jambo jingine alilotueleza tumelifikiri tangu siku ile. Shokapu nzuri huwa haina ugumu sawa pande zote mbili. Ikibonyezwa hukubali kwa ulaini kiasi. Ikivutwa, yaani springi inapotaka kurudi juu kwa kishindo, huizuia kwa nguvu zaidi. Pigo la kwanza hulipokea. Linalozuiliwa hasa ni pigo la kurudisha.

Turudi kwenye gari letu. Ni pikapu ya milango miwili, yenye bodi ndefu nyuma, inayotosha mtu mzima kulala akanyoosha miguu. Hilo ndilo lililotufanya tuichague badala ya ile ya milango minne ambayo baadhi ya wajumbe waliipenda kwa heshima yake. Nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kama ilivyo desturi ya magari ya mizigo, nazo zimepimwa kubeba karibu tani moja. Muuzaji alitusifia tani hiyo, nasi tuliifurahia, tukiiwaza saruji, mpunga wa mavuno na bati.

Lakini Sista wa zahanati, ambaye ndiye hukaa nyuma ya gari mara nyingi kuliko mtu yeyote katika parokia hii, aliuliza swali ambalo muuzaji hakuulizwa: "Baba, na likiwa na mtu mmoja?"

Ndugu wapendwa, hapa ndipo penye kiini cha yote. Springi iliyotengenezwa kwa tani moja, ikipewa tani moja, hulainika vizuri, na gari hutembea kwa utulivu kama mtumbwi. Springi hiyohiyo ikipewa mgonjwa wa kilo 50 na muuguzi wake, haijui kama kuna mtu. Haibonyei. Kila rasta na kila jiwe hupita moja kwa moja hadi kwenye godoro. Gari la mizigo huwa katili zaidi kwa yule aliye mwepesi. Madereva wetu wanaijua siri hiyo miaka mingi, ndiyo maana wakibeba mgonjwa hupakia kwanza mifuko minne au mitano ya mchanga, ili mgonjwa afaidike na uzito usio wake. Tulikuwa tumeiona mifuko ile mara nyingi, tukadhani ni ya kuzuia matope.

Wakati wa mvua za mwaka uliopita, kijana mmoja wa kigango cha mbali aliteleza kutoka juu ya paa alilokuwa akiezeka, akavunjika mfupa wa paja. Alipakiwa katika gari la zamani la parokia, lile ambalo shokapu zake za nyuma zilikuwa zimekwisha kumwaga oili yote na kubaki kama vyuma vya pambo. Sista alimfunga banzi za mbao, akamtundikia dripu, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuitundika, aliishika kwa mkono ulioinuliwa muda wote wa safari. Safari ilichukua saa tatu na nusu. Sindano ilichomoka mara tatu. Kijana alimsihi dereva asimame amshushe, si kwamba alitaka kurudi, bali alitaka tu kulala juu ya ardhi isiyotikisika. Alisimamishiwa mara nyingi, na kila mara ilibidi aombwe ruhusa upya. Leo yu mzima, anatembea kwa kuchechemea, na amerudi shambani. Sista hakutusimulia hayo kwa kulalamika. Aliyasema katika mkutano wa halmashauri walei alipoulizwa maoni yake kuhusu gari jipya, kisha akakaa.

Historia ya Kanisa ina kumbukumbu zake juu ya jambo hili. Mwaka 1925 mmisionari Otto Fuhrmann alifariki katika nchi tunayoiita leo Namibia, akiwa mgonjwa na mbali na hospitali, kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi kwenye matibabu. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, aliyekuwa pia rubani, hakuweza kulisahau tukio hilo, na mwaka 1927 alianzisha shirika la MIVA la kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Tawi la Austria, lililoanza mwaka 1949, lina desturi tunayoipenda sana: kila mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, madereva hualikwa kutoa sadaka ndogo kwa kila kilometa waliyosafiri bila ajali. Kilometa isiyo na tukio lolote, ambayo hakuna anayeikumbuka, hugeuzwa kuwa shukrani. Tunatamani siku moja tuanzishe desturi kama hiyo hapa kwetu, hata kwa madereva wa bodaboda, ingawa tunahofu kwamba mwaka wa kwanza kapu litakuwa jepesi.

Katika mkutano ule wa halmashauri, suala la shokapu halikupita kirahisi, wala hatukutaka lipite kirahisi. Mzee mmoja, mwenye heshima kubwa, alisema waziwazi: "Baba Paroko, bibi harusi haendi hospitali siku ya harusi. Gari jipya linatafuta nini kwa fundi?" Watu walicheka, lakini hoja yake ilikuwa na uzito. Mama mwenyekiti wa WAWATA alitaka kujua kama watengenezaji wa gari hawakuijua kazi yao. Ilibidi tueleze kwamba wanaijua vyema, ila wanatengeneza gari moja kwa ajili ya watu wa nchi nyingi, wenye lami na wasio na lami, wanaobeba tofali na wanaobeba mboga. Shokapu wanazofunga ni za katikati, zisizomfaa mtu yeyote kikamilifu wala kumdhuru mtu yeyote sana, ilimradi njia iwe ya wastani. Njia yetu si ya wastani. Tuliuliza pia mapema juu ya dhamana ya gari, tukajibiwa kwa maandishi kwamba ile ya injini na gia haitaguswa, ila tukibadili shokapu, hizo na viungo vyake zitakuwa juu yetu. Tuliona ni haki.

Ugumu halisi ulikuwa kwingine. Kigango kimojawapo cha bondeni kimejenga kanisa la tofali za kuchoma, kuta zimesimama, na paa hakuna. Mvua huanza Novemba. Fedha zilizokuwa zikizungumzwa kwa ajili ya shokapu zingetosha bati 40 hivi. Mjumbe wa kigango hicho, mtu mpole, hakupinga. Aliuliza tu: "Kwa hiyo sisi tutanyeshewa ili gari lisitikisike?" Hatukuwa na jibu la haraka, na hata leo hatuna jibu linalomaliza swali lake. Tulikaa kimya kidogo, kisha Sista akasema kwamba kanisa lisilo na paa linaweza kusalia chini ya mwembe, lakini mgonjwa hana mwembe wa kumlaza kati ya kigango na hospitali. Kura zilipigwa. Shokapu zilipita kwa kura chache.

Ilipofika siku ya kununua, tuliongozana na fundi mjini. Hapo tulijifunza kwamba biashara ya shokapu ina majaribu yake. Muuzaji wa kwanza alituonyesha zile za mrija mmoja zenye gesi ya nitrojeni ya shinikizo kubwa, aina iliyobuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon katika miaka ya 1950. Ni kazi ya akili kweli. Gesi hiyo hutenganishwa na oili, huikandamiza daima, na kuizuia isifanye povu, maana oili ya shokapu ikichemka na kuchanganyika na hewa hugeuka kuwa kama sabuni, pistoni hupita ndani yake bila kuzuiwa, na baada ya kilometa 10 za rasta unakuwa huna shokapu tena hadi zipoe. Mrija mmoja hupoa upesi kwa kuwa ukuta wake unagusa upepo moja kwa moja. Bei yake ilitutisha, lakini siyo bei iliyotufanya tuziache. Fundi alizigeuza mkononi, akaugonga mrija kwa kidole, akauliza: "Na jiwe likiubonyeza hapa?" Katika shokapu ya namna hiyo pistoni hutelezea kwenye ukuta wa nje wenyewe, na ukuta ukibonyea, pistoni hukwama au huharibika. Kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, mawe huruka kila siku.

Tukachagua basi zile za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, lakini nene kuliko za kiwandani, zenye oili nyingi zaidi na gesi ya shinikizo dogo. Mrija wa nje ukibonyea kidogo, wa ndani huendelea na kazi. Hazipoi haraka kama zile nyingine, ila wingi wa oili huchelewesha kuchemka. Mtu wa mashindano ya magari angecheka uchaguzi wetu. Sisi hatushindani.

Muuzaji wa pili alitaka kutuongezea kwa bei nafuu vyuma viwili zaidi kwenye springi za nyuma, "ili gari libebe hata tani moja na nusu", na kuliinua juu kwa inchi mbili ili "lionekane gari la kazi". Fundi alikataa yote mawili bila kutuuliza. Kuongeza springi ni kumwongezea adhabu yule mgonjwa wa kilo 50. Na kuliinua gari ni kulifanya liyumbe kwenye kona, na kuwapandishia ngazi wazee na kina mama wajawazito ambao hata sasa hupanda kwa kushikwa mikono. Tulimwambia muuzaji kwamba tunataka gari lionekane vilevile lilivyokuwa. Alitutazama kwa huruma.

Kazi ya kufunga ilichukua siku moja. Hata hivyo fundi hakukubali tulipe kabla ya jaribio, na jaribio lenyewe lilikuwa la aina yake. Asubuhi, kabla hajafungua chochote, alitupeleka kwenye kipande kibovu cha barabara kilicho nyuma ya gereji, akatandika godoro kwenye bodi, akasema: "Baba, lala hapo." Tukalala. Kwa mita 500 tuliona mawingu yakirukaruka, na ulimi tuliuma mara mbili. Jioni alitulaza tena mahali palepale, kwa mwendo uleule. Hatutawadanganya: bado gari lilitikisika. Rasta hazikugeuka kuwa lami. Tofauti ilikuwa hii, kwamba pigo lilikuja likaisha. Asubuhi kila pigo lilikuwa limeacha jingine nyuma yake, na mwili haukupata nafasi ya kujikusanya. Jioni mgongo ulirudi kwenye godoro na kukaa. Tena lile la sehemu ya nyuma ya gari kutaka kuhama upande wa kushoto kwenye kona, ambalo ndilo linaloangusha pikapu nyingi tupu kwenye barabara za vumbi, lilikuwa limepungua sana, kwa kuwa gurudumu lililotulia hukaa chini likashika ardhi.

Kisha fundi alitufundisha namna ya kujua shokapu iliyokufa. Baada ya safari ndefu ya njia mbovu, alisema, piga magoti, uguse zote nne kwa kiganja, kwa uangalifu usiungue. Tatu zikiwa za moto na moja ni baridi, hiyo ya baridi ndiyo mbovu. Haifanyi kazi, ndiyo maana haikupata moto. Mtu asiyejua angedhani iliyopata moto ndiyo yenye shida. Wasomaji wetu wengi mtakuwa mmekwisha kuikumbuka barua kwa Kanisa la Laodikia katika Kitabu cha Ufunuo, lakini sisi siku ile mawazo yetu yalikwenda karibu zaidi, kwa katekista wa kile kigango kisicho na paa.

Yeye ni mzee. Amefundisha katekesimu watoto ambao sasa ni mababu wadogo. Baada ya kura ile, maneno mazito yalisemwa kigangoni, na tunajua yalisemwa kwa kuwa bondeni hakuna siri. Wapo waliotaka kuandika barua kwa Askofu. Wapo waliotaka kufunga njia siku gari litakapofika. Yote hayo yalimfikia yeye kwanza, maana ndiye anayekaa kati ya kigango na parokia. Alipokuja juu kutuona, baada ya kutembea na kudandia lori la mpunga, tulitegemea kusikia hasira ya watu wake. Alisema tu: "Baba, watu wana huzuni juu ya paa lao. Wanaomba uje uwaambie wewe mwenyewe." Na tulipomwuliza kama ni hayo tu, alisema, "Ni hayo yanayofaa kufika." Tulipompa mkono wa kwaheri tulihisi kwamba mkono wake unatetemeka. Tulienda Jumapili iliyofuata, tukasimama chini ya mwembe, tukawaeleza kama tunavyowaeleza ninyi hapa. Tuliulizwa maswali magumu, hakuna aliyefunga njia, na si wote walioridhika.

Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Wagalatia, huwahimiza waamini wasaidiane kubeba mizigo, kisha mistari mitatu tu mbele anasema kwamba kila mmoja ana mzigo wake wa kuuchukua. Wengi huona kama anajipinga. Katika Kigiriki alichoandikia, maneno hayo ni mawili tofauti: la kwanza ni *baros*, uzito unaomlemea mtu; la pili ni *phortion*, furushi la kawaida ambalo kila msafiri hujitwika. Tumelisoma fungu hilo mara nyingi, na daima tulifikiria wale wanaobeba, yaani wahisani, wajenzi, wachangiaji wakubwa, ambao kwa hakika bila wao gari lingekaa chini. Tangu siku ya gereji tunawafikiria pia wasiobeba kitu kinachoonekana. Kazi yao ni kupokea pigo kwa ulaini na kulizuia lisirudi kwa kishindo. Katika familia zenu mnawajua. Mara nyingi ni shangazi fulani, au mtoto wa katikati. Jina lake halisomwi siku ya harambee, na joto analolibeba halipimwi na mtu, kwa kuwa nani hupiga magoti kumgusa?

Na tunawafikiria wale walio wepesi. Parokia, kama pikapu, imejengwa kwa ajili ya uzito mkubwa: ubatizo wa watoto 60 kwa siku moja, semina za ndoa, michango kwa kadi, zamu za jumuiya. Ikijaa hutembea vizuri. Akija mtu mmoja peke yake, mjane asiye na kadi, au kijana aliyekaa miaka minane bila sakramenti na hajui aanzie dirisha gani, taratibu zetu zote huwa ngumu chini yake, naye husikia kila pigo. Tumemwomba karani wetu wa ofisi, kuanzia juma hili, atenge saa mbili kila Jumatano alasiri kwa ajili ya watu wa namna hiyo, bila foleni na bila kuulizwa kadi kwanza. Tutaona.

Sasa hesabu, kama tulivyoahidi. Shokapu nne zimegharimu shilingi 1,920,000. Ufundi ni shilingi 80,000, baada ya fundi kukataa kupokea zaidi. Zile zilizotolewa, ambazo hazikuwa hata na kilometa 2,000, tumemuuzia dereva mmoja anayetembea kwenye lami tu, kwa shilingi 650,000. Kilichotumika hasa ni shilingi 1,350,000. Fundi ameagiza gari lirudi baada ya kilometa 1,000 akaze nati upya, na amewaamuru madereva wapunguze upepo wa tairi kidogo wanapofika kwenye rasta na kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, akisema kwamba tairi ndiyo shokapu ya kwanza na haina bei. Pampu ya mkono imenunuliwa. Mifuko ya mchanga bado ipo, imehamishiwa zahanati, na Sista amefungiwa ndoano nyuma ya kioo cha kabini ya kutundikia dripu.

Shilingi 650,000 zimeingizwa kwenye mfuko wa paa. Pamoja na michango ya jumuiya za bondeni, zimepatikana bati 37 kati ya 64 zinazohitajika. Zimebaki 27, na mvua ziko karibu. Wanaopenda kuchangia wawasiliane na mhazini wa halmashauri walei kupitia viongozi wa jumuiya zao, na walio mbali watume kwa njia ileile waliyotumia kuchangia gari. Bati zitashushwa na pikapu Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Tunaomba vijana sita wa kupakia wafike parokiani saa 12 asubuhi, baada tu ya Misa.